Usiongeze Sauti ya Redio

Nyumba tuliyopanga Mbagala ilikuwa na vyumba sita, korido moja na kuta zisizotunza siri. Mwenzako akikohoa usiku, unampa pole ukiwa kitandani kwako. Chumba cha mwisho aliishi binti wa miaka minane hivi, aliyeletwa kutoka kijijini ili asome. Sare ya shule sikumwona nayo hata siku moja. Nilimwona na sweta la mikono mirefu, katika joto la Januari la Dar es Salaam. Asubuhi aliosha vyombo bombani, na kabla ya kusugua sufuria alikwangua ukoko kwa kucha, akautia mdomoni harakaharaka huku akiangalia mlangoni.

Usiku tulimsikia. Korido nzima ilimsikia. Kilio kikianza, redio moja inaongezwa sauti, kisha ya pili. Yangu ilikuwemo. Tulisema mambo ya ngoswe mwachie ngoswe. Siku moja tuliamka hayupo, tukaambiwa amerudishwa kwao. Hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Nakuandikia wewe ambaye leo una mtoto kama yule upande wa pili wa ukuta. Mimi nilichelewa. Wewe bado.

Fungua macho. Mtoto anashtuka ukiinua mkono kujikuna kichwa. Alikuwa mcheshi, ghafla amenyamaza, ameanza tena kukojoa kitandani, na hataki kabisa kubaki peke yake na mtu fulani. Anashinda amefungiwa ndani na mdogo wake mgongoni hadi giza linaingia. Kila siku anaambiwa yeye ni mzigo, mama yake alimtupa. Kidonda cha maneno hayo hakionekani, lakini kipo. Na mzazi mwenye uwezo anayemnyima mtoto chakula, dawa au shule amemfanyia ukatili, hata kama hajamgusa kwa fimbo.

Usidhani nasimulia habari ya nyumba moja. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au viboko walikaribia robo tatu. Pita mbele ya darasa lolote wakati wa mapumziko, uwahesabu watoto wanavyotoka.

Wapo wanaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mkunje basi. Aliyemvunja mgongo hajamkunja.

Lakini kinachoniuma zaidi ni neno hili: tumalizane kifamilia. Wazee wanakaa kikao. Mjomba anainamisha kichwa, anaomba radhi, anatoa mbuzi au laki mbili. Kisha mtoto anaitwa kutoka jikoni, anaambiwa ampe shikamoo mtu yuleyule aliyemuumiza. Anaitoa, macho yakiwa chini. Jina la ukoo limepona. Mwezi ujao mjomba yuko tena sebuleni, na safari hii bei anaijua.

Vunja kikao hicho! Wewe shangazi, wewe baba mdogo, wewe bibi ambaye neno lako linasikilizwa, simama useme hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake kuzipeleka serikali za mitaa. Hili ni jukumu lako, jirani, hata kama mtoto si wa damu yako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Ukizungushwa, rudi kesho yake na mwenzako mmoja.

Kama mtoto ameingiliwa, usimwogeshe, wala usifue nguo zake. Mwahishe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Na akikusimulia, usimbane kwa maswali kama askari. Mkalishe karibu, umwambie: nakuamini, mwanangu, na kosa si lako. Huenda wewe ni mtu wa tatu anayemwambia, na wawili wa kwanza walimnyamazisha.

Najua unaogopa kuitwa mmbea. Unaogopa kugombana na watu mnaochota maji bomba moja. Ugomvi huo utaisha. Binti wa chumba cha mwisho sijui leo yuko wapi, na hilo halijanitoka miaka yote hii.

Kwa hiyo usiku wa leo kilio kikianza, zima redio. Sikiliza. Kisha chukua simu upige namba ya kumsaidia mtoto, 116, uliko Tanzania au Kenya. Ni bure, hata simu yako ikiwa haina salio.