ULEMAVU UKO WAPI: MWILINI AU MJINI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa uanadamu wake, wala si kwa macho yake wala kwa miguu yake. Ama baad.

Ndugu zetu wa pwani wametuuliza mara nyingi khabari za Waislamu wa Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya: Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Leo hatutaandika khabari za misikiti yao wala za madrasa zao. Tutaandika juu ya suala moja lililotukuta huko, nalo ni suala letu sote, wa bara na wa pwani.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisomesha katika mmoja wa miji hiyo. Alitujia mama mmoja na binti yake wa miaka minne, hasemi. Akatuuliza: "Sheikh, mwanangu ana nini?" Nasi kabla ya kumtazama mtoto vizuri tulimjibu kama tulivyozoea kuwasikia wakubwa wetu wakijibu: hayo ni makadirio ya Mola, na asubiri. Tukamsomea mtoto, tukamwandikia kombe, mama akashukuru akaenda zake. Ikapita miaka mitatu. Siku moja muuguzi alipiga makofi nyuma ya mtoto yule, naye hakugeuka. Kumbe hakuwa na pepo wala kitu kingine chochote, alikuwa hasikii. Na asiyeyasikia maneno atayasemaje? Miaka ile ni katika miaka ambayo mtoto huokota lugha, nasi tuliipoteza kwa jibu letu.

Mtoto akapelekwa skuli ya wasiosikia. Huko mlimani skuli za namna hiyo zipo, na ile ya Tumutumu, jirani ya Karatina, yajulikana sana. Aliporudi likizo, mama yake alimleta kutuamkia. Binti akatutazama, akatembeza vidole vyake upesi upesi, akangoja jibu. Hatukuwa na jibu. Tukamwuliza mama: "Asemaje?" Mama akainamisha kichwa kwa haya, akasema: "Auliza, mbona sheikh hajui kusema?"

Tangu siku hiyo swali hilo halijatutoka. Katika wawili sisi, aliyekuwa bubu saa ile ni nani?

Wenye elimu wa zama hizi wameligawa jambo hili katika njia mbili. Ya kwanza ni njia ya tiba. Hiyo husema: ulemavu umo mwilini, sikio limeharibika, mguu umepooza, basi na atafutwe daktari aurekebishe mwili. Ya pili ni njia ya jamii. Mwaka 1976 chama cha watu wenye ulemavu huko Uingereza kilitangaza kwamba upungufu wa kiungo ni jambo moja, na kulemazwa ni jambo jingine: mtu hulemazwa na ngazi, na milango, na skuli zisizompokea, na watu wasiomwajiri. Mwaka 1983 Mike Oliver, mwanachuoni aliyekuwa mwenyewe akitumia kiti cha magurudumu, akaipa njia hiyo jina lake. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, umetaja yote mawili: upungufu wa mtu, na vizuizi anavyokutana navyo kwa watu na mahali.

Ili tufahamu ugumu wa jambo hili, tutazame hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019. Katika kaunti ya Embu, watu wa umri wa miaka mitano na zaidi waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa 4.4 kwa mia. Katika kaunti ya Wajir walikuwa 0.6 kwa mia. Je, hewa ya mlimani yalemaza, na ukame wa Wajir waponya? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Ulemavu hauhesabiki kama mbuzi zizini. Huhesabika pale mtu anapoulizwa, na jamaa zake wakakubali kusema. Na sisi sote twajua nyumba ambazo, mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja hupelekwa chumba cha nyuma.

Sasa tuulize: dini yetu yaelekea njia ipi? Wako watakaosema kwa haraka kwamba yaelekea subira tu. Hao wamechukua sehemu wakaacha sehemu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha watu wajitibu. Kwa hiyo anayemnyima mtoto daktari kwa jina la kudra amekosa, kama tulivyokosa sisi. Kombe halipimi masikio.

Lakini itazameni hadithi ya yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, ambayo Bukhari na Muslim wameipokea. Alimjia Mtume akimwomba amwombee. Mtume akampa khiyari: akitaka, asubiri apate Pepo, na akitaka, amwombee apone. Mwanamke akachagua subira. Kisha akaongeza ombi moja: aanguukapo huwa anafunukwa, basi aombewe asifunuliwe. Naye akaombewa hilo.

Ndugu zetu, jambo kubwa sana limo humu. Kwanza, aliulizwa yeye; hakuulizwa mumewe wala kaka yake, wala hakuamuliwa na mtu. Pili, mwanamke yule alitenganisha mambo mawili ambayo sisi twayachanganya. Maradhi aliweza kuyastahimili. Asichoweza kukistahimili ni kufedheheka mbele ya watu. Hilo la kwanza limo mwilini, na hilo la pili limo baina yake na watu. Mwenye kusubiri juu ya ugonjwa hakuahidi kusubiri juu ya fedheha.

Na mafakihi wetu walilijua hilo zamani. Walikata kwamba ishara ya bubu ifahamikayo husimama mahali pa maneno yake: huuza kwayo, hununua kwayo, huoa kwayo. Dola ya Uthmaniya ilipoziandika sheria zake katika Majalla, karne ya kumi na tisa, kanuni hiyo iliingizwa humo. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama kuwa moja katika lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Basi tumekuwa na hukumu hiyo vitabuni kwa karne nyingi, tukaisomesha wanafunzi wetu, wala hatukujifunza hata ishara moja ya salamu.

Atasema mtu: "Lakini sharia imemwondolea kipofu na kiwete na mgonjwa uzito. Ana udhuru, na aswali nyumbani." Ni kweli kwamba ana udhuru. Lakini udhuru ni haki yake yeye kuutumia, si fimbo yetu ya kumfukuzia. Katika mji mmoja wa mlimani tuliona msikiti wenye ngazi kumi na moja, na wakati wa mvua za masika udongo mwekundu hufanya njia yake kama sabuni. Mzee mmoja wa kiti cha magurudumu hubaki chini barabarani, akasikiliza khutba kwa kipaza sauti, na mvua ikimnyea. Tulipouliza, tukaambiwa: "Yeye ana udhuru." Hakika yake ni kwamba wenye kutafuta udhuru walikuwa wenye msikiti. Mtume alipoambiwa na Itban bin Malik kwamba macho yake yamedhoofu na mafuriko ya bonde humzuilia njia, hakumwambia "una udhuru" akanyamaza. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akaswali hapo, pakawa mahali pa kuswalia. Naye Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu ambaye Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu yake, alikuwa mwadhini, na Mtume akisafiri alimwacha mara kadhaa kuwa naibu wake Madina. Hakupewa sadaka tu, alipewa kazi.

Hapa twafika mahali panapouma. Sisi watu wa miji ya pwani ni wakarimu. Siku ya Ijumaa twatoa mlangoni mwa msikiti, na kheri hiyo hatuikatazi. Lakini tujiulize kwa ukweli: je, twampenda maskini yule akae mlangoni kwa sababu yeye atuhitaji, au kwa sababu sisi twamhitaji, awe mlango wa thawabu zetu? Siku atakapopata kazi akapita mbele yetu bila kunyoosha mkono, tutafurahi au tutaona amepungukiwa adabu?

Hata hivyo hatukubaliani na wapitao kiasi, wakasema kwamba ulemavu wote ni kosa la watu. Ukivunja ngazi zote za mji, maumivu ya mgongo hayaondoki. Mtoto aliyepooza atalia usiku hata akizungukwa na malaika. Yuko anayehitaji kulishwa na kuoshwa maisha yake yote, na njia yoyote isiyomtaja mtu huyo na yule amwoshaye ni njia ya wenye nguvu. Na amwoshaye mara nyingi ni mama yake, peke yake, mpaka mgongo wake nao unapinda.

Malezi hayo, kwa tuonavyo, ni fardhi kifaya. Na twajua sote kwamba fardhi kifaya ikisimamiwa na wa kutosha, wengine huondokewa na dhambi. Lakini mama mmoja hatoshi. Basi ikiwa hatoshi, dhambi haijaondoka; ingali shingoni mwa mtaa mzima.

Kwa hiyo twanasihi mambo machache yawezekanayo. Mtoto asiyeitikia apelekwe akapimwe masikio kabla ya kupelekwa popote. Msikiti utakaojengwa au kutengenezwa uwe na njia ya mteremko. Kila madrasa iwe na mwalimu mmoja ajuaye lugha ya alama. Majirani wagawane zamu kumpumzisha mama mlezi, walau asubuhi moja kwa juma. Na kabla ya kumfanyia mwenye ulemavu lolote, aulizwe mwenyewe.

Sisi tumeanza na vidole vyetu. Tulipokutana na binti yule mara ya pili tulimpa salamu kwa ishara, tukaikosea. Akacheka, akatushika mkono, akatunyoosha vidole kama mwalimu amnyooshavyo mtoto kalamu. Tukakubali kusomeshwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.