Steringi ni Nani?

Mtu anayechelewa kuingia katika banda la sinema, iwe hapa Gongoni au katika mtaa mwingine wowote wa Tabora, haulizi kwanza ni mambo gani yaliyokwisha pita, wala haulizi picha hiyo imetoka nchi gani. Hujibana kwenye benchi, humwinamia jirani yake, na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Steringi yupi?" Akishaonyeshwa, hutulia. Tangu hapo ajua wa kumwonea huruma na wa kumchukia. Ajua ni damu ya nani itakayomwuma, na ni damu ya nani itakayomfanya apige makofi. Neno lenyewe tumeliokota katika Kiingereza, katika maandishi yale yanayotangulia picha yakitaja wachezaji wakubwa, nasi tumelifanya letu kabisa, hata mtoto asiyejua neno jingine la lugha hiyo ajua steringi ni nani, na ajua pia kwamba steringi hafi mapema.

Swali hilo laonekana jepesi. Sisi twaona ni swali zito la maadili. Maana yule mchelewaji haulizi ni nani aliye mwema. Auliza ni nani aliyewekwa mbele. Na jirani yake aliyewahi, naye hajui zaidi. Ajua tu ni uso wa nani ulioonyeshwa kwanza kwa karibu, ni nani aliyepewa mama, au mpenzi, au mzaha wa kutuchekesha. Katika dakika kumi za mwanzo mtengenezaji wa sinema amekwisha gawa mapenzi na chuki kama mtu agawavyo chakula, na sisi tumekula bila kuuliza nani alipika.

Jambo hili liko katika kila hadithi, lakini katika picha za majambazi na wapelelezi lina ukali wake. Picha ya namna hiyo itatuonyesha mauaji muda si mrefu, nayo yapaswa kututayarisha. Kwa hiyo huanza na usiku, au mvua, au barabara tupu. Husikizisha nyayo kabla ya kuonyesha uso. Humpa mmoja kovu na miwani myeusi, na mwingine humpa mtoto wa kubeba. Mwaka 1972 sinema ya Marekani iitwayo The Godfather ilianza katika chumba chenye giza, siku ya harusi. Mzee mmoja, mzika wafu, aomba alipiziwe kisasi kwa ajili ya binti yake aliyepigwa vibaya. Yule anayeombwa twamwona kwanza kwa mgongo, na mkono wake tu. Uso wake ukija kuonekana, ana paka mapajani, naye ampapasa taratibu. Nje kuna jua, ngoma na watoto. Hajaua mtu mbele ya macho yetu, nasi tumekwisha mheshimu. Baadaye, watu watakapouawa kwa amri ya nyumba hiyo, tutakuwa tumekaa upande wake, kama wageni waliokula pilau ya harusi.

Katika mabanda yetu yupo mtengenezaji wa pili wa mwanzo, naye ni mtafsiri. Kazi hiyo ilisifika sana Dar es Salaam kwa Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi wamjua kwa jina la Lufufu, na baada yake wakatokea wengi. Mtafsiri hasemi tu maneno ya wachezaji kwa Kiswahili. Huwapa watu wa mbali tabia za watu wa kwetu, hutia methali, hutania. Na mara nyingi, mtu akitokea tu mlangoni hata hajafungua kinywa, mtafsiri amekwisha tangaza: huyu ndiye adui. Banda lote hunguruma. Twakiri kwamba jambo hilo lapendeza sana, na picha nyingi mbovu zimeokolewa na ulimi wa mtafsiri.

Sasa na tutazame sinema mbili zilizocheza na desturi hii kwa makusudi.

Ya kwanza ni Psycho, ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Yaanza mchana mweupe. Maandishi yatuambia mji ni Phoenix, siku ni Ijumaa tarehe 11 Desemba, saa ni nane na dakika arobaini na tatu mchana. Kisha tamasha lote la mji laachwa, nasi twaingizwa kwa dirisha, chini ya pazia, kama wezi, mpaka chumbani mwa mwanamke mmoja na mpenzi wake wasioweza kuoana kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Mwanamke huyo, Marion, arudi kazini, akabidhiwa dola 40,000 za mteja azipeleke benki, naye azichukua na kukimbia. Ni mwizi. Lakini polisi anapoligonga dirisha la gari lake njiani, nani kati yetu ataka akamatwe? Twashika pumzi pamoja naye. Basi, hata nusu ya picha haijafika, auawa. Steringi amekufa mapema! Na aliyebaki mbele yetu ni kijana mpole, mwenye haya, ambaye aonekana kuificha aibu ya mamaye. Alisukuma gari lenye maiti katika kinamasi, na gari linapokwama kidogo kabla ya kuzama, watazamaji walewale wahangaika, wataka lizame. Hitchcock aliagiza kwamba picha ikishaanza mtu yeyote asiruhusiwe kuingia. Wengine waliona ni hila ya biashara, na ilikuwa hivyo. Lakini mchelewaji wa Gongoni angeambiwa na jirani yake kwamba steringi ni nani?

Ya pili ni ya jirani zetu wa Kenya, nayo twaipenda zaidi. Ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga, ikatoka mwaka 2012, ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania tuzo ya Oscar. Yaanza kijijini na kijana Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, ambaye auza DVD za sinema za mapigano. Haziuzi kwa kuzipanga tu. Aigiza mashujaa wake mbele ya watu, kwa sauti na mikono na macho, mpaka mteja acheke na kununua. Ndoto yake ni kuwa mchezaji. Wachezaji kutoka Nairobi wamwambia atoe shilingi elfu moja apate nafasi. Ana mia tano. Mama yake ampa kidogo alichonacho, naye aenda mjini, na siku ileile ya kwanza anyang'anywa kila kitu, kisha alala mahabusi. Yote haya yatangulia kundi la wezi wa vipuri vya magari ambamo baadaye ataingia. Tunapomwona akiiba, hatusemi "mwizi", twasema "Mwas, jamani."

(Hadithi ya mtu wa shamba anayeingia mjini si mpya kwetu. Mwaka 1952, zama za Waingereza, ilitengenezwa hapa Tanganyika sinema iitwayo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mwanafunzi wa zamani wa shule ya Tabora, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Ile ilikuwa ya kuchekesha.)

Wazee wengi watuambia kwamba hapa ndipo penye sumu. Wasema: mkimtanguliza mwizi na mama yake na ndoto yake, mwamwibia kijana uwezo wa kuchukia wizi. Neno hili tusilidharau. Ni kweli kwamba huruma yaweza kununuliwa kwa bei rahisi, na mtengenezaji mwenye ustadi aweza kutufanya tumpende mtu yeyote amtakaye. Lakini sisi twaona kosa haliko mahali wanapolionyesha. Kumfahamu Mwas hakumharibu mtu. Ila tujiulize: yule mwenye gari, aliyeamka asubuhi akakuta taa na vioo vimeng'olewa, yeye ana mama? Ana deni? Hatujui. Yeye hakupewa dakika kumi. Hakupewa hata moja. Ameingia katika picha kama mti uingiavyo, wa kukatwa. Hasara ya sinema za majambazi, kwa maoni yetu, si kwamba mwizi amepewa uso, bali kwamba aliyeibiwa amenyimwa.

Yupo aliyeanza upande ule mwingine. Mwaka 1931, huko Ujerumani, Fritz Lang alitengeneza sinema iitwayo M, juu ya mtu anayeua watoto. Yaanza na watoto uani wakicheza mchezo wa kuhesabiana kwa wimbo wa kumtaja mwuaji, na mama mmoja akiwakemea wanyamaze. Kisha twaona mama wa mtoto Elsie akifua nguo. Saa yagonga sita za mchana. Atandika meza, aweka sahani. Elsie atoka shule akidundisha mpira wake, aupiga kwenye nguzo yenye tangazo la zawadi kwa atakayemkamata mwuaji, na juu ya tangazo hilo chaanguka kivuli cha mwanamume. Uso hatuuoni. Twasikia tu mluzi, naye anunua puto kwa kipofu ampe mtoto. Basi mama aita kwenye ngazi. Sahani iko tupu. Mpira wabingirika majanini na kutulia; puto lanaswa katika nyaya. Hakuna tone la damu, hakuna hata muziki wa kutuambia tuogope, na tangu hapo hakuna mtu awezaye kusahau uzito wa tendo lile ni kiasi gani. Ndipo, mwishoni kabisa, Lang ampa mwuaji nafasi ya kusema.

Katikati ya mwanzo huo na mwisho huo kuna jambo dogo ambalo lapaswa kusomwa hapa kwetu kwa makini. Mji mzima umeshikwa na hofu. Mzee mmoja njiani aulizwa saa na mtoto, naye amjibu. Mara watu wamzunguka: kwa nini wasema na mtoto? Kosa lake ni kwamba aliulizwa saa.

Sisi wa Unyamwezi na jirani zetu wa Usukuma tusiseme kwamba hayo ni ya Ulaya. Kwa miaka mingi, katika Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliletwa na moshi. Mwanamke aliyepikia wanawe na wajukuu wake juu ya mafiga miaka hamsini, kwa kuni mbichi, au kwa samadi mahali pasipo miti, hawi na macho meupe. Lakini alipotokea mlangoni, kulikuwa na mtafsiri wa kijiji aliyekwisha tangaza: huyu ndiye adui. Rangi ya macho ilikuwa kovu lake na miwani yake myeusi. Picha ya maisha yake ilikuwa imeanzishwa dakika za mwisho, na hakuna aliyeona sehemu ya kupika.

Na mwizi wa kuku, au wa simu, anayefukuzwa sokoni? Magazeti yameandika mara nyingi kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", maneno ambayo yamezoeleka hata hayashtui tena. Picha yake huanza na ukelele mmoja, "Mwizi!", na huisha kabla mtu hajamwuliza jina. Watu haohao, usiku, hukaa bandani wakimlilia Mwas. Hatusemi kwamba ni wanafiki. Twasema kwamba bandani walipewa mwanzo, na sokoni hawakupewa.

Mtu aweza kutujibu kwamba hatuwezi kumsubiri kila mwizi asimulie utoto wake, na kwamba sungusungu walipoanza katika nchi hii yetu, miaka ya mwanzo ya 1980, walianza kwa sababu watu walichoka kupoteza ng'ombe huku wakisubiri. Ni jibu lenye nguvu. Mwenye kuibiwa naye ana mwanzo wake, kama tulivyosema. Ndiyo maana twautazama kwa heshima utaratibu wa mahakama, ambao watu huuona mrefu na mkavu. Mshtakiwa husomewa shtaka, mwenye kuibiwa husema, mashahidi husema, tendo hupimwa kama tendo. Ni baada ya kutiwa hatiani ndipo huulizwa kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu, na hapo ndipo waingiapo mama mgonjwa, watoto na njaa. Sinema ya Mwas yageuza mpango huo juu chini: huanza na maombi ya huruma, na shtaka hufuata. M yaufuata. Hatudhani kwamba mmoja ni wa kweli na mwingine wa uongo. Lakini atakayelishwa mpango mmoja tu kila Jumamosi usiku, mwaka hata mwaka, atakuwa hodari wa kusamehe watu wa kwenye kioo tu.

Kwa watafsiri wetu wa mitaani tuna ombi dogo. Mchezaji mpya akitokea, muacheni afungue mlango, aketi, anywe chai yake, na watu wamtazame wenyewe. Mnajua, nasi twajua, kwamba benchi la nyuma litapiga kelele likidai kuambiwa ni adui au siye.