Je, Taabu ya Mwili ni Sadaka?

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi iliulizwa mas-ala ambayo mwanzo wengi waliichekea, kisha ikatushughulisha majuma matatu. Vijana wa mtaani walitaka kupanda baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi, mwendo wa kiasi cha kilomita 120, na wenzao wasio na baiskeli wakimbie vipande vya njia kwa kupokezana. Kila mmoja angewaendea kwanza jamaa na wafanya biashara wamwahidi kitu kwa kila kilomita atakayoimaliza. Na fedha zitakazopatikana zitumiwe kuwasaidia watu waliodanganywa na kuuzwa, na kuipiga vita biashara hiyo. Mzee mmoja akauliza: "Mtu akitaka kutoa sadaka, si atie mkono mfukoni atoe? Jasho la kijana huyu lamfaa nini msichana aliyefungiwa jikoni katika mji wa mbali?"

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kucheka. Basi tumeona yafaa kuliandika, na kueleza yaliyotupitia.

Kwanza na tulijue jambo lenyewe. Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekuwa amekatwa mguu kwa ugonjwa wa saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia muda wa siku 143, akapata kilomita 5,373, ili watu wachangie utafiti wa ugonjwa ule. Ugonjwa ukamrudia njiani, akafa mwaka 1981. Mwaka huo huo zilianza mbio za London, ambazo tangu siku hizo zimekusanya zaidi ya pauni bilioni moja kwa mambo ya kheri. Na siku hizi, katika nchi za Ulaya na Marekani, wako wakimbiao na wapandao baiskeli masafa marefu kwa ajili ya watu waliouzwa. Hapo ndipo vijana wetu walipolipata wazo lao.

Wapinzani walitoa hoja tatu: ya kwanza, kwamba huku ni kuwaiga wageni, ya pili, kwamba ni riyaa, na ya tatu, kwamba taabu ya mwili haina thawabu yoyote.

Ama ya kwanza, jawabu yake ni nyepesi. Mtume wetu (S.A.W.), kabla hajapewa utume, alihudhuria katika nyumba ya Abdallah bin Jud-an mapatano yaitwayo Hilful-Fudhul. Makureshi walifunga ahadi ya kumsimamia kila aliyedhulumiwa Makka, baada ya mfanya biashara mgeni kutoka Yemen kunyimwa thamani ya mali yake na mmoja wa wakubwa wa mji. Waliofunga ahadi ile walikuwa washirikina. Hata hivyo Mtume, baada ya kuja Uislamu, alisema kwamba lau angeitwa katika jambo kama lile angeitika. Basi haki haiwi batili kwa kuwa wa kwanza kuishika si Mwislamu. Kinachotazamwa ni jambo lenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo ina dalili. Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akiburuta miguu baina ya wanawe wawili, ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka Al-Kaaba. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Na mwengine, Abu Israil, alikuwa ameweka nadhiri asimame juani, asiketi, asikae kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aketi, akae kivulini, aseme. Lakini saumu yake aitimize. Tazama hekima ya hukumu hii. Saumu nayo ni taabu, lakini haikuondolewa, kwa kuwa imewekwa kwa makusudio yake. Kilichoondolewa ni taabu isiyo na faida kwa mwenyewe wala kwa mwenzake.

Basi yule mzee wa darsa amesema kweli kwa upande mmoja: jasho peke yake si ibada. Mtu akienda Malindi kwa baiskeli na kurudi mara kumi, na asiwepo aliyefaidika kwa mwendo wake, atakuwa amefanya mazoezi. Nayo si mabaya, kwani Muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, na Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha. Ila asiyaite sadaka.

Lakini Qur'ani nayo imetaja taabu ya kupanda. Katika Sura ya Al-Balad (ya 90), aya ya 11 na zinazofuata, Mwenyezi Mungu amemlaumu mwanadamu kwa kutoipanda Al-Aqaba, nayo ni njia ya mlimani iliyo ngumu. Kisha akaifasiri Mwenyewe njia hiyo, na fasiri yake ya kwanza kabisa ni kumwacha huru mtumwa. Halafu kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa, au maskini aliyelala mchangani. Hakuna katika aya hizo sifa ya mguu uliochoka wala ya pumzi iliyokatika. Ugumu wa mlima ule ni ugumu wa kumtoa mtu katika mkono wa mwenye nguvu, na kutoa kitu ambacho nafsi yakipenda.

Na liko tukio la tarikhi linaloonyesha namna taabu ya safari inavyoweza kuwa sehemu ya mlima huo. Mwingereza Thomas Clarkson, kuanzia mwaka 1787, kwa muda wa miaka saba alisafiri kiasi cha maili 35,000 katika nchi yake, sehemu kubwa akiwa juu ya farasi. Hakwenda ili watu wamshangae. Alikwenda Bristol, Liverpool na bandari nyengine, akawauliza mabaharia wa majahazi ya watumwa waliyoyaona kwa macho yao. Akanunua madukani pingu, minyororo ya miguu na chuma cha kumfumbua kinywa mtumwa aliyekataa kula, akavichukua na kuwaonyesha watu. Liverpool walitaka kumtupa baharini. Mwaka 1794 afya yake ikavunjika akapumzika. Lakini ushahidi alioukusanya uliendelea kufanya kazi, na mwaka 1807 Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara ile. Farasi yule ndiye baiskeli ya zama zake. Tofauti ni kwamba kila maili ilimfikisha kwa mtu wa kuulizwa.

Nasi wa pwani tusisikie habari hizi kana kwamba hazituhusu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sayyid Barghash, naye alisukumwa na Waingereza. Na katika mwambao wetu wa Kenya utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1907. Apitaye Kengeleni apita penye kengele ya watumwa walioachwa huru. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba mambo yale yalikuwa halali, na kwa hiyo hayasemwi. Wajidanganya. Kumteka mtu huru kijijini kwake na kumuuza hakujawa halali siku yoyote. Na katika Hadithi Al-Qudsi, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akaitimiza kazi yake asimpe ujira wake.

Watu wawili hao wangali wako. Shirika la Kazi la Kimataifa na wenzake, katika hesabu waliyoitoa mwaka 2022, walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi za kushurutishwa. Na hapa kwetu, taarifa ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana wadogo baina ya 10,000 na 15,000 katika miji ya pwani, tangu Malindi, Kilifi na Mombasa hata Diani, walikuwa wakitumiwa katika uasherati wa fedha. Njia waliyoichagua vijana wetu yapita katika baadhi ya miji hiyo.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2010 yamhukumu mwenye kusafirisha watu kwa hila kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Wala hapana haja ya minyororo: kumchukua mtu kwa hadaa ili atumikishwe kwatosha, na ridhaa yake iliyopatikana kwa uwongo si ridhaa. Akiwa ni mtoto, hata hadaa haihitaji kuthibitishwa.

Katika juma la tatu, wakati vijana na wazee wangali wakijadiliana, alisema mtu mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mwanzo. Alisema binti yake alipelekwa Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mkataba ulioandikwa Kiarabu aliutia kidole gumba baba mwenyewe, naye hajui kuusoma. Pasipoti ilichukuliwa siku ya kufika, na simu yake ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani. Kisha akasema: "Wakala aliyempeleka mwamjua nyote. Husali nasi, na mikeka hii tuliyoikalia ni sadaka yake. Mimi sitaki baiskeli. Nataka mtu mmoja anifuate hadi mlangoni kwake."

Darsa ikanyamaza. Kutoka msikitini hadi mlango ule haifiki nusu maili. Na ilidhihirika kwetu sote, nami wa kwanza, kwamba kilomita 120 ni nyepesi kuliko nusu maili ile. Kwani Malindi mtu hupokewa kwa maji na makofi. Lakini mlangoni kwa jirani hupokewa kwa uso uliokunjwa, na kesho hakuna wa kumwitikia salamu.

Hapa ndipo ilipojibiwa ile hoja ya riyaa. Qur'ani imeiruhusu sadaka ya dhahiri, na ikaisifu zaidi ya siri. Mwendo wa baiskeli ni wa dhahiri. Watu watauona, na huenda ukawazindua. Hilo halina ubaya, maadamu mwenye kuufanya anayo pia kazi isiyoonekana na mtu, tena iliyo nzito zaidi. Asiye na ile ya pili, na aiogope nafsi yake.

Basi rai ya darsa ni hii. Vijana na waende, kwa masharti matatu. Mosi, wasijidhuru miili yao wala wasikose Sala njiani. Pili, hesabu ya fedha isomwe hadharani mpaka senti ya mwisho. Tatu, katika kila mji wasimame, wawaeleze wazazi yapasayo kuulizwa kabla ya mtoto kuondoka: wakala ana leseni ya serikali? Mkataba umesomwa na mtu auelewaye? Nani amelipa nauli, naye ataidai vipi? Pasipoti itakaa mkononi mwa nani? Mwendo wenye maswali hayo una maana. Usio nayo ni matembezi.

Ama mlango ule, tulikwenda watu wanne baada ya Isha. Hatukutukana wala hatukutukanwa sana. Tulipewa jina la mwajiri na nakala ya mkataba, na karatasi hizo zimefikishwa kwa wenye mamlaka. Binti bado hajarudi. Mikeka tumeikunja, twasali juu ya sakafu, mpaka ijulikane imenunuliwa kwa fedha gani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrudishe salama yeye na wenzake, na atuwezeshe kuipanda njia aliyotutajia. Wabillahi tawfiq.