Deni la Ufundi

Tia fikirani, msomaji, kijana aliyemaliza shule akisimama mbele ya lango la karakana. Mwenye karakana amwuliza, "Una ujuzi gani?" Kijana ajibu kuwa hana, lakini yu tayari kujifunza. Aambiwa arudi atakapokuwa nao. Ataupata wapi, ikiwa kila lango lamwambia maneno yayo hayo? Wala usiharakishe kumlaumu mwenye karakana. Chuma kinachoharibiwa na mkono usiozoea ni mali yake, na saa ambayo fundi wake humwelekeza mgeni ni saa ambayo kazi ya mteja imelala.

Kati ya watu hawa wawili, ambao kila mmoja ana haki yake, husimama serikali. Katika nchi yetu jambo hili si geni. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba waajiri wa kibinafsi waongeze watu kwa asilimia 10, na serikali kwa asilimia 15. Vyama navyo vikaahidi kuacha migomo na madai ya nyongeza ya mishahara kwa mwaka mmoja. Mwaka 2015 sheria ilitoa nafuu ya kodi kwa mwajiri atakayechukua wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10 wawe wanagenzi kwa miezi 6 hadi 12. Tena, chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani iliyotungwa mwaka 1959, waajiri hutoa ada ya mafunzo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, nayo haikatwi katika mshahara wake. Mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai arudishiwe gharama kutoka mfuko huo.

Kwamba msaada huu ni mwema, sibishi. Nauliza hivi: mwenye karakana akisha kuupokea, ana deni kwa nani?

Huenda yeye akasema kwamba ndiye anayedai. Alimfundisha kijana miaka miwili, naye akahamia kwa jirani kwa sababu ya shilingi chache zaidi. Malalamiko haya ni ya kweli. Ufundi haufungiwi kabatini kama tindo. Hukaa mkononi mwa mtu, na mtu akiondoka huondoka naye. Lakini hiyo ndiyo faida ya ada ile: jirani aliyemchukua kijana naye ametoa shilingi zake, na kesho yawezekana fundi wake akaja huku. Na yule fundi mkuu anayejivunia leo, je, hakufundishwa kwa hasara ya mtu mwingine?

Miaka kadhaa iliyopita kijana niliyemfundisha hesabu alichukuliwa na karakana moja kwa mpango wa namna hii. Baada ya miezi sita alikuja kunionyesha cheti chake, kizuri, chenye muhuri. Nikamwuliza habari za kuchomelea vyuma. Akatazama chini. Alikuwa amefagia, amepika chai, amepakia mizigo. Mashine hakuigusa hata siku moja. Katika daftari za karakana ile alikuwa mtu mmoja aliyefunzwa miezi sita. Hesabu ilikuwa sahihi.

Sheria huhesabu vichwa na miezi, kwa kuwa hivyo vyahesabika. Mwenye karakana yule hakuandika uongo, lakini alichukua vitu viwili: fedha ya umma na nusu mwaka wa maisha ya mtu. Fedha yaweza kurudishwa. Kwa hiyo nasema deni lake kubwa ni kwa kijana, na serikali iliyolipa bila kuuliza yashiriki deni hilo. Iko mitihani ya ufundi ya serikali, yenye daraja la tatu, la pili na la kwanza. Ningependa malipo yafuate mtihani, yasifuate daftari. Hata hivyo naona hatari yake, kwani waajiri watachagua werevu tu, na mwenye mkono mzito atabaki langoni.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa shuleni kujizoeza. Mwalimu mwenye darasa aliketi nyuma, akaniacha nikosee mbele ya watoto 40, kisha jioni akakaa nami saa nzima kunionyesha nilipopotea. Hakupata hata senti kwa saa ile. Na somo lililoharibika lilikuwa la watoto wale. Basi nami nina wadai wengi nisiowajua majina, na sidhani kwamba nitawalipa kwa kukaa shule moja hadi uzee. Kijana afungwe muda wa haki kwa aliyemfundisha, sikatai, asifungwe maisha.

Yule mwanafunzi wangu alijifunza baadaye kwa fundi wa jua kali asiyepata msaada wa mtu. Sasa ana kibanda chake kando ya barabara. Juzi nilimkuta amesimama nyuma ya mvulana aliyekuwa akichomelea pembe za dirisha. Dirisha lilikuwa limepinda vibaya.

"Ni la pili leo, Mwalimu," akaniambia, akamwachia mvulana aendelee.