Je, Urithi ni Ukale Tu?

Tukiwauliza wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa urithi wao ni nini, wengi watataja Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, na vitu vya chuma vilivyofuliwa na wahunzi wao. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwani laweza kutufanya tudhani kwamba thamani ya kitu hutokana na wingi wa miaka yake. Hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka wa ukale, yaani miaka miwili tu baada ya Speke kufika kwa Mfalme Rumanyika.

Hebu tuitazame nyumba ya msonge ya Wanyambo. Nyasi zake hushuka hadi karibu na ardhi, zikawa paa na ukuta kwa pamoja. Mvua huteleza, na nguzo za ndani hubeba uzito. Walioibuni walitatua tatizo la maisha kwa vifaa walivyokuwa navyo. Wakati huo msonge ulikuwa jambo jipya.

Fikra ya namna hiyo tunaiona katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Amuli alitumia zege, lakini aliwakumbuka watu wanaouza na kununua chini ya miti. Alisimamisha nguzo zilizotanuka juu mfano wa miavuli, zitoe kivuli na kuyakinga maji ya mvua yashuke hadi kwenye matangi. Msonge na soko hilo vimetofautiana kwa vifaa, si kwa akili. Moto ulipoliunguza soko hilo Julai 2021, tulihesabu mali ya wafanyabiashara, na ilikuwa haki. Lakini hasara ya fikra iliyomo katika jengo ni wachache walioihesabu.

Wako watakaosema kwamba taifa lenye mahitaji mengi haliwezi kutunza kila jengo la zege. Ni kweli, wala hatudai hivyo. Tunachouliza ni kama jengo lilijibu haja ya watu wake kwa namna isiyojulikana kabla. Ikiwa ndivyo, hatuna budi kulielewa kabla ya kulibomoa, kulikarabati, na kuliacha liendelee kutumika.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Mwalimu awasimamishe wanafunzi mbele ya zahanati, kanisa au msikiti wa jirani, wajiulize: upepo unapita wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi, na aliyelibuni alimfikiria nani?