Je, Mwenye Deni Aweza Kwenda Kuhiji?



Kila mwaka tarehe 3 Juni, siku kuu ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wengi hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala. Hutoka Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na hata kwetu Kongo; wengi wao huenda kwa miguu, mizigo yao mgongoni. Kutoka Kasindi, penye mpaka wetu na Uganda, njia yazidi kilometa 400. Atembeaye kilometa 30 kwa siku huhitaji majuma mawili. Basi tutafakari juu ya siku za mwisho kabla ya safari ya namna hiyo.

Matayarisho ya mwili yajulikana. Msafiri mwenye busara haanzi njia na viatu vipya, maana vitamtoa malengelenge, huvizoea mapema. Hufunga mfuko wake, hutembea nao hadi kisimani na kurudi, kisha huufungua na kupunguza. Blanketi, nguo ya kubadili, kitu cha kujikinga na mvua, unga kidogo, chumvi, sabuni, dawa, hati ya kuvukia mpaka: hivyo vyatosha. Sufuria moja hupikia watu wanne. Ya nini kubeba nne? Kitu kisichomfaa yeye wala mwenzake, na kibaki nyumbani.

Lakini uko mzigo usioonekana mfukoni. Tuseme mtu alikopa debe la maharagwe ya mbegu kwa jirani yake mjane. Alipanda, akavuna, akauza. Fedha zile amezifunga katika kitambaa ziwe posho ya njiani, na kesho alfajiri aondoka. Je, ni halali?

Wako wasemao: «Mambo ya Mungu hutangulia mambo ya watu. Kuhiji ni kazi ya Mungu, mjane atangoje.» Hao wamekosea. Kanisa halikumwamuru mtu yeyote kwenda Namugongo. Bali Mungu mwenyewe ametuamuru tusiibe, na kuzuia haki ya mtu, hali twaweza kumpa, ni kumwibia. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba mwenye kuleta sadaka altareni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka na kwenda kupatana naye kwanza. Ikiwa sadaka iliyokwisha kufika altareni yaweza kungoja, je, safari isiyoanza haiwezi?

Wengine husema: «Nitamwombea mjane huyo njiani, na Mungu atambariki kuliko maharagwe.» Sala ni njema, lakini huwezi kumpa mtu sala mahali pa mali yake. Wewe waenda na mfuko mwepesi kwa sababu yeye amebaki na mzigo wako. Wakati wa kupanda utakapofika, atapanda nini?

Tena wengine huuliza: «Je, maskini asiyeweza kulipa asihiji kamwe?» Hapana, Kanisa si kali hivyo. Asiye na kitu na aende kwa mdai wake mchana, amweleze hali yake bila kuficha, amwombe siku. Mdai akikubali kwa hiari, si kwa aibu wala kwa kuogopa jina la dini, msafiri aondoke kwa amani. Kosa la yule wa kwanza si kuwa na deni. Kosa lake ni kuchukua kilicho cha mwingine na kukiita cha Mungu.

Ndugu zangu, neno hili lawahusu hata ninyi msiokusudia kwenda Uganda, kwa kuwa ninyi nyote mko safarini kuelekea Ubatizo. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, usiku kabla ya kuhukumiwa na mfalme Mwanga, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni wachache, mmoja wao kijana Kizito. Kisha wakapelekwa Namugongo kama wafungwa, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa Watakatifu mwaka 1964. Matayarisho yao ya mwisho yalikuwa ya roho.

Ubatizo huondoa dhambi zote. Lakini maji ya Ubatizo hayarudishi maharagwe ghalani mwa mjane. Hiyo ni kazi ya mikono yako. Wahenga walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kusafiri.

Basi, jioni ile ya kufunga mizigo, kila mmoja ajiulize maswali matatu. Nani ananidai, nami sijasema naye? Nani nimegombana naye, nami nataka kuondoka bila kumwaga? Walio nyumbani mwangu watakula nini mpaka nirudi? Akiisha kuyajibu kwa matendo, na afunge mfuko wake. Akiona kwamba hawezi kwenda mwaka huu, asihuzunike. Njia ya nyumbani kwa mjane ni fupi, na siku hiyo ndiyo hija yake.