Wasiojulikana wa Juba

Kikosi cha mauaji ni watu wa dola wanaoua nje ya sheria kwa amri ambayo dola haitaikiri. Ufafanuzi huo unatosha. Kiini chake ni kule kukana. Mnyongaji wa gereza huua kwa hati na muhuri, na nchi nzima inajua nani kanyonga. Kikosi cha siri kinaua, kisha kinaanza kazi ngumu zaidi, ya kuufanya msiba usiwe msiba.

Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, inaijua kazi hiyo tangu enzi za utawala wa Khartoum. Baada ya waasi wa SPLA kuushambulia mji Juni na Julai 1992, askari, polisi na raia walikamatwa kwa wingi, wengine wakaingizwa katika jengo la kambi ya Giada lililoitwa Nyumba Nyeupe. Wengi hawakuonekana tena. Baada ya uhuru wa 2011, makao ya Idara ya Usalama wa Taifa yakaja kuitwa Nyumba ya Buluu, kwa vioo vyake vya buluu.

Wakili wa haki za binadamu Dong Samuel Luak na mpinzani Aggrey Idri walitoweka Nairobi tarehe 23 na 24 Januari 2017. Kenya ilisema haiko nao. Sudan Kusini ikasema hivyo hivyo. Aprili 2019, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza kuwa kuna uwezekano mkubwa sana waliuawa na maafisa wa usalama huko Luri, nje ya Juba, tarehe 30 Januari 2017.

Ndipo linapokuja lile swali linalochoma moyo: maiti iko wapi? Anayeliuliza hujiona mwanasheria makini. Asiye na maiti, asema, hana mauaji. Pengine mtu kajificha, pengine kaoa kwingine. Hoja hii ni ya karani aliyechoma daftari la duka, kisha akadai hakuna deni kwa sababu hakuna daftari. Katika mauaji ya kawaida, kukosekana kwa maiti ni jambo la bahati. Hapa kumetengenezwa, kwa gari lisilo na namba na kwa mlinzi wa lango anayejibu “hayupo”. Kukosekana huko ni zao la kazi ile ile inayochunguzwa, na haliwezi kuwa utetezi wake. Tena kanuni kwamba mdai athibitishe iliwekwa kumkinga mnyonge dhidi ya mtawala. Anayeivalisha kanuni hiyo dola yenye funguo za mahabusu, za uwanja wa ndege na za chumba cha maiti, amempokonya mnyonge ngao akamkabidhi mwenye mkuki. Na wakati mabishano yakiendelea, mke hajui kama ni mjane: hakai eda, haanui tanga, na namba ya simu ya mumewe haifuti.

Wanaosema nchi iliyo vitani inahitaji majasusi wana haki. Ila ujasusi ni kujua, si kuua.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtu “akipotea” kwa Kiswahili, kitenzi hakidai mtendaji. “Akipotezwa”, sikio linangoja: na nani? Magazeti ya Juba huandika kuhusu washambuliaji wasiojulikana. Tanzania nayo ikalizoea neno “wasiojulikana”, hasa baada ya mbunge wa upinzani Tundu Lissu kupigwa risasi Dodoma mwaka 2017. Rejaf, kilomita chache kusini ya Juba, ndiko mkutano wa 1928 ulikochagua lugha za kuandikwa za kusini, Kibari na Kidinka zikiwamo. Wajumbe walijadili tahajia. Nani angeruhusiwa kutajwa kwa tahajia hiyo halikuwa swali lao. Miongo michache kabla yao, Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan wa enzi ya Mahdi, alikuwa akiwahamishia wapinzani wake huko huko Rejaf. Ulikuwa ukatili, lakini mfungwa alijua jina la aliyempeleka. Kama ukatili unaotajwa ni mwepesi kuliko unaokanwa, au ni mwepesi tu kuusimulia, ni vigumu kuamua. Aliyekufa hapati nafuu kwa lolote.

Sheria ya ushahidi ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7. Kwa Dong na Aggrey miaka hiyo ilitimia Januari 2024. Julai mwaka huo huo, bunge la Juba lilipitisha marekebisho yaliyoiachia Idara ya Usalama uwezo wa kukamata bila hati ya mahakama.